Kidole Kimoja Tu

Kazi yangu ni kusafisha makumbusho, na naipenda. Asubuhi kabla milango haijafunguliwa nasukuma mopu katikati ya vichwa vya mawe vya watawala wa Kirumi, nikiota kwamba siku moja nitasimama pale nikiwasimulia wageni habari zao. Mwalimu wangu ni mlinzi mmoja, mzee wa Kikenya. Siku moja alinionyesha kichwa chenye masikio makubwa yasiyolingana na uso.

"Hii sura si yake," akasema. "Mtawala wa kwanza alianguka, wakauchonga uso wake upya ukawa wa mwingine, masikio yakabaki. Na walioshika patasi ni wale wale waliokuwa wakimpigia makofi. Warumi wenyewe waliandika haya mambo, kijana. Walijijua."

Nilicheka. Mambo ya kale.

Wakati huo nilikuwa katibu wa chama chetu cha misiba, Watanzania wa Tottenham, hapa London. Mwenyekiti alinichagua kwa kuwa nachapa haraka kwenye simu, nami nilimpenda. Mtu wa kubeba masufuria ya pilau mwenyewe, wa kukuuliza kama umekula. Muda wake ulipokwisha hakuna aliyemkumbusha, ila dada mmoja muuguzi, tena mbele ya kikao: "Mwenyekiti, uchaguzi lini?"

Mwenyekiti akatabasamu. "Dada yetu kachoka na zamu za hospitali." Watu wakacheka, nami nikacheka. Kikao kilipokwisha akanishika bega. "Mtoe kwenye grupu la WhatsApp, mdogo wangu. Apumzike."

Nikamtoa. Kidole kimoja tu. Nisidanganye, nilisikia utamu fulani. Na kabla sijarudisha simu mfukoni watu walishaandika, "Safi sana mwenyekiti!" Hakuna aliyewaomba.

Wiki mbili baadaye nikamkuta yule dada kwenye basi, kajitanda khanga juu ya sare. Mama yake alikuwa amefariki Tanga. Ilikuwa siku ya tatu na hakuna aliyekanyaga kwake, maana misiba yetu yote hutangazwa kwenye grupu.

"Wanangu wananiuliza watu wako wapi," akasema. "Niwajibu nini?"

Niliposhuka nikampigia mwenyekiti.

"Una roho nzuri, mdogo wangu," akasema kwa upole kabisa. "Lakini usiandike kitu. Nitaliangalia mwenyewe."

"Lini?"

"Na wewe umeanza kuuliza 'lini'?"

Nikaandika kwenye grupu. Nani kafiwa, anakaa wapi, watu wafike leo saa kumi. Alama za kusomwa zikaongezeka moja moja, bila hata pole. Watu ambao dada aliwauguzia watoto wao walikuwa wakisubiri mwenyekiti aandike kwanza. Akaandika: "Tangazo hilo si rasmi." Kisha simu ikaniambia nimeondolewa.

Nilikwenda na chapati. Dada alikuwa amesogeza makochi ukutani, katandika mikeka sebule nzima, na jikoni sufuria kubwa la chai linachemka.

"Wenzako wako nyuma?"

Nikavua viatu. "Tuanze tu, dada."

Tukakaa, mimi, dada na wanawe. Kila lifti iliposimama kwenye ghorofa ile, sote tuligeuka kuutazama mlango.