Mguu Mwepesi wa Prisila

Madereva wa Tabora humwita Prisila Nzeyimana "Mama Taratibu", naye hulipokea jina hilo kwa kicheko. Alizaliwa Ulyankulu kwa wakulima wa tumbaku, akaanza kama utingo kwenye malori ya Urambo, na leo anaendesha semi-trela la Mzee Sabiri, mfanyabiashara wa mahindi mjini. Hakanyagi mafuta ovyo. Tenki ambalo wenzake hulimaliza njiani, yeye hufika nalo likiwa na akiba.

Msimu uliopita wa mavuno Sabiri alimtaka aongeze magunia juu ya mzigo uliokwisha timia.

"Hapana, mzee. Hapo sipakii tena."

"Kwani gari halina nguvu?"

"Nguvu linazo. Lakini ukilizidishia, kila mlima litaupanda kwa gia ndogo, linakunywa dizeli kama maji. Faida ya hayo magunia itaishia kwenye tenki. Na likikataa kupanda, breki hazitalishika."

Sabiri akacheka, akayapeleka magunia kwenye lori la Mathias, dereva wake wa siku nyingi. Mathias hakukataa.

Wakaongozana kuelekea Singida, Mathias mbele. Walipoanza kupanda mlima wa Sekenke, Prisila aliacha nafasi kubwa katikati, maana alijua mwenzake amebeba nini. Nyuma yake lilikuja basi limejaa abiria.

Nusu ya mlima, lori la Mathias likatoa moshi mweusi, injini ikazima. Likasimama kidogo, kisha likaanza kurudi nyuma polepole, breki zikilia.

Prisila alifunga breki ya mkono, akashuka mbio na kabari ya mti mgumu wa mninga aliyoichonga mwenyewe. Akaisukuma chini ya tairi la nyuma la tela la Mathias, akaruka pembeni. Mti ukalia, ukabana. Lori likatulia. Akaongeza mawe makubwa.

"Dada, ungesagika!" Mathias alisema, jasho likimtiririka.

"Kama ningechelewa. Njoo tupunguze mzigo."

Abiria wa basi walishuka kusaidia. Likapatikana lori tupu la fuso lililokuwa likienda Singida, wakahamishia humo magunia yote ya ziada. Injini ilipopoa, Mathias akaumaliza mlima.

Prisila alimpigia simu Sabiri akamweleza yote.

"Binti yangu, ulinionya."

"Nilikuonya, mzee. Kuanzia sasa mzigo tupange pamoja, wa kwangu na wa Mathias."

"Haya. Utapanga wewe."

Wakati wa kurudi Mathias aliomba aendeshe nyuma ya lori la Prisila ajifunze. Akaona jinsi anavyopunguza mwendo mapema kabla ya mteremko, jinsi asivyokimbilia breki, jinsi anavyobadili gia injini ikiwa bado inanguruma vizuri, naye akafanya vivyo hivyo. Walipoingia Tabora Mathias alichungulia geji yake ya mafuta, akakuta tenki bado lina akiba, akapiga honi ndefu ya furaha hata watu wa mtaa wa Kitete wakatoka nje kuangalia kuna harusi ya nani.