Wimbo Ndani ya Kisima

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi wa kusafisha visima, na ni mwoga. Simsengenyi, mwenyewe hulisema kanisani, mbele ya watu waliovaa tai. Wengine husimama kushuhudia walivyoshinda hili na lile. Yeye husimama, anasema, "Wiki hii pia niliogopa, Baba wa mbinguni akanishika," anakaa. Watoto hupiga makofi. Wazee wa kanisa huangalia saa.

Kazi yake ina sharti moja: akishuka huimba, na haachi mpaka arudi juu. Hewa ya kisima ikiharibika haipigi hodi. Mtu hulegea kimya kimya. Kwa hiyo wimbo ukikatika, walioshika kamba wavute kwanza, maswali baadaye. Angeweza kuchagua wimbo wa watu wazima. Yeye huimba ule wa watoto wa Jumapili: "Mimi mdogo, Baba mkubwa, huku chini upo pia." Na ndevu zina mvi, jamani.

Siku moja mimi, baba yangu na mjomba tulikuwa nyuma ya zahanati, kisima chao kimejaa tope. Mjomba alitangulia kushusha taa ya chemli kupima hewa, ikarudi inawaka. Akajifunga kamba, mikono inatetemeka.

"Shemeji, utatikisa zahanati nzima," baba yangu akamwambia.

"Kutetemeka ni kwangu, kamba ni yako." Kisha akanigeukia. "Na wewe mjomba, vuta vizuri."

"Mimi niliacha chuo katikati, nina nusu diploma, mjomba. Nitavuta kwa nusu ya nguvu."

Akashuka, wimbo ukishuka naye, ukawa mwembamba. Ndoo za tope zikapanda, tukamwaga. Nikaanza kumwigiza, nimebana pua: "Mimi mdogoo..." Baba yangu akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Hebu nyamaza."

Nikanyamaza. Kisima nacho kilikuwa kimenyamaza.

"Shemeji," baba akaita. Ikarudi sauti yake mwenyewe.

Tukavuta. Kamba ilikuwa nzito, uzito wa mtu asiyejisaidia. Kapi, gurudumu la kamba, likalia. Nikawaza nitamwambia mama nini, kwamba nilikuwa nachekesha? Nikajikuta namwomba Mungu, mimi ambaye huomba mtandao urudi tu. Baba, mshike. Baba, mshike. Sikuwa na maneno mengine.

Kichwa kikatokea, tope mpaka kwenye nyusi, kiwiko kinavuja damu. Macho yalikuwa wazi. Sikujua kama yanatuona, mpaka yakapepesa.

"Mbona mmenivuta?"

"Mbona umenyamaza?" Sauti ya baba haikuwa yake.

Mjomba akainamisha uso kama mtoto aliyevunja kikombe. "Nilitoa jiwe, maji yakachungulia. Masafi, yanatoka mwambani yenyewe tu. Nikayashangaa, nikasahau kuimba."

"Visima vyote ulivyosafisha, hujawahi kuona maji?"

"Haya sikuwa nimeyaona, shemeji. Nisameheni, nimewatisha."

Nilikuwa na maneno makali, yamepangwa foleni. Nikayaacha, nikamfuta tope usoni.

Koleo lilibaki chini na tope halijaisha. Taa ikashushwa tena, ikarudi inawaka. Akajifunga kamba, mikono inatetemeka vilevile.

"Naogopa, mjomba," akaniambia. "Ila nilikusikia ukiimba na mimi. Usiache."

Akazama gizani. Nikaishika kamba kwa mikono yote miwili, nikaimba bila kubana pua, na kila mwisho wa mstari nikazuia pumzi mpaka nimsikie.