Mguu wa Bibi Harusi Hewani

Mpaka leo ikitajwa harusi ya Upendo, mpwa wangu, mimi hutazama pembeni, ingawa mwenyewe alishanisamehe. Kosa lilianzia dukani Lushoto, nikichagua kati ya kompyuta mbili zilizotumika: moja prosesa yake, yaani ubongo wake, ilikuwa na viini viwili vya kufanyia kazi, nyingine kiini kimoja lakini spidi yake imeandikwa kubwa zaidi. Nilikuwa nimejisomea (mambo mengi nimejifundisha mwenyewe, polepole, kwa mpangilio), nikajiridhisha kwamba kibarua mmoja hodari anawashinda wawili wa kawaida. Nikachukua kiini kimoja.

Siku ya harusi, kanisani Mtae, nilikabidhiwa muziki na picha za maharusi za kuonyeshwa ukutani, vyote kwa kompyuta hiyo. Bibi harusi akachelewa, ukungu ukaingia taratibu madirishani, nami nikafungua gemu ya mbio za magari, kidogo tu (sauti niliizima, au nilidhani niliizima). Waliposema anakuja, sikuifunga, niliishusha tu chini ya skrini, nikafungua picha, nikaachia wimbo.

Kwetu bibi harusi haingii kwa kutembea, anaingia kwa mdundo: hatua, anatulia, hatua tena, na wasimamizi nyuma yake wamefanya mazoezi hayohayo. Walipofika katikati kiini kilizidiwa. Picha, wimbo, gari, vyote vikasubiri zamu kwa kibarua mmoja. Wimbo ukavutika, ukalegea, ukanyamaza. Upendo akabaki mguu hewani, na msafara mzima nyuma yake mguu hewani, shela na ukungu rangi moja, nikahisi naangalia ndoto nzuri ya mtu mwingine. Halafu spika zikatoa mngurumo wa gari linalopanda mlima.

"Mjomba," Upendo akanong'ona bila kugeuka, "nishushe mguu au nisubiri gari?"

"Subiri kidogo mwanangu, inafikiri."

"Kaka, ungefikiri wewe kwanza," akasema dada yangu, mama yake, kutoka benchi la mbele, kisha akaanzisha wimbo wa kanisani, kina mama wakaupokea, mguu ukashuka. Wakafika madhabahuni kwa sauti za watu, polepole, vizuri kuliko tulivyopanga.

Ila mchungaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, lililojibu ni gari langu.

Siku hizi nina viini viwili. Na bado, nikipewa kazi ya watu, gemu naifunga kwanza.