Boksi Lililoandikwa LANGU

Muuza duka la bunduki hapa Barrawin, Queensland, hutikisa kila kopo la baruti sikioni kabla ya kukupa, kama mtu anayechagua nazi. Kidole gumba chake hakitakati. Tangu fataki, vile vifuniko vidogo vya kuwashia baruti ndani ya risasi, ziadimike, sisi tunaojitengenezea risasi wenyewe anatupa boksi moja moja, na hakagui, anauliza tu, "Umebakiwa na ngapi, kaka?"

Jumamosi nilimjibu, "Hata moja. Nguruwe pori wananimalizia mtama."

Rafu ilikuwa tupu. Akainama chini ya kaunta, akatoa boksi lililoandikwa kwa kalamu nene: LANGU, MSIGUSE.

"Chukua, bwana. Mimi nalenga makopo tu."

Nikachukua, nikashukuru. Nyumbani nimeliweka juu ya mengine sita, na upande wenye maandishi nimeugeuzia ukutani.