Sori ya Lamboni

Hapa Bariadi neno sori limekuwa jepesi kama vumbi. Bodaboda akikurushia maji ya dimbwi, sori. Karani akikuambia mtandao umekata urudi kesho, sori. Watoto wa jirani wakigonga geti langu kwa mpira, "Sori babu!" na mpira unaendelea. Mbali na mpira wao, geti hilo haligongwi.

Nina kamusi nene ya Kiingereza, jalada lake limeng'oka. Nikiwa kijana niliiweka watu waione. Sasa ninaisoma, maana muda ninao. Juzijuzi nililitafuta neno hilo. Imeandikwa kwamba Waingereza wa kale walilitumia kwa mtu mwenye maumivu, ya mwili au ya moyo. Huku kuomba radhi upesiupesi ukiwa unapita kulikuja baadaye sana. Niliifunga kamusi, nikakaa.

Nilisoma hadi kidato cha nne. Mdogo wangu hakusoma. Alichunga ng'ombe wa baba ili mimi nisome. Tulipokuwa watu wazima tulilima pamba, shamba langu likipakana na lake. Msimu mmoja, baada ya kupuliza dawa, nilisuuza bomba kwenye lambo wanakonyweshea mifugo, kwa uvivu tu wa kuchota maji nikamwage mbali. Mmoja wa maksai wake wawili wa kulimia akanywa. Jua halijazama, alikuwa chini, tumbo limejaa.

Kwetu ukiua ng'ombe wa mtu, asubuhi unakwenda kwake ukiswaga wako, unasimama mlangoni pa zizi na kusema ulichofanya. Mimi nilikuwa na maksai wanne. Jioni hiyo nilimkuta mdogo wangu lamboni, watu wamemzunguka.

"Sori, bwana mdogo."

"Ndiyo nini hiyo, kaka?"

"Kiingereza. Siku tuliyofundishwa wewe ulikuwa machungani."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Asubuhi sikuswaga ng'ombe. Msimu uliofuata alilima kwa jembe la mkono, kisha akahamia Lingeka na familia yake.

Mwaka huu nilipanda basi kwenda kwake. Ng'ombe sina tena. Nilikwenda na fimbo yangu ya kutembelea. Nilisimama mlangoni pa zizi lake nikasema kwa Kisukuma, neno moja moja: bomba nililisuuza mimi, ng'ombe wako nilimuua mimi, na wewe nilikucheka mbele za watu.

Naye amezeeka, macho yameingia ukungu.

"Yule maksai alikuwa anaijua sauti yangu," alisema. "Nikimwita tu, anakuja."

Akaangalia jua.

"Basi la mwisho linapita saa tisa, kaka. Usilikose."

Kwetu mgeni husindikizwa hadi njiani. Nilikwenda barabarani peke yangu, na sikumlaumu.