Mlango wa Saiprasi

Fundi ameleta milango mipya ya nyumba tunamowahifadhi vijana wagonjwa wa akili, na harufu ya mbao mbichi za saiprasi imenirudisha Kiganjo, tulikokuwa tumepanga chumba mimi na mama.

Mama alikuwa ameanza kuongea na ukuta. Majirani wakalalamika, na asubuhi moja mwenye ploti, ile safu ya vyumba vya kupanga, akaja, akang'oa mlango wetu wa saiprasi, akaubeba begani. Hivyo ndivyo mpangaji alivyokuwa akifukuzwa kule: huambiwi toka, unaachiwa baridi. Mama alijikunja nyuma ya blanketi nililotundika mlangoni, akaniuliza, "Ni nani anatuangalia?"

Ploti nzima ilikuwa inatuangalia.

Leo mwenye ploti yule yule, mzee sasa, amemleta mjukuu wake ambaye amekosa usingizi na anasikia sauti. Hajanitambua. Mjukuu nimempa chumba chenye mlango mpya, naye amejifungia.

"Niingie nikae na yeye kidogo," mzee ananiomba. "Hapa nje iko baridi sana."

"Mlango ni wa aliye ndani, mzee. Ngoja hapo mpaka afungue."

Anakaa kwenye ngazi, ukungu ukimlowesha mabega. Niko na blanketi ofisini. Sijalitoa.