Kofia ya Kirumi Yenye Cheti

Kuna watu ambao mpaka leo wakinikuta Kericho au Nakuru huniuliza, "Si wewe ndiye yule wa dhahabu?", halafu hujishika mabega kwa mikono miwili na kucheka hadi machozi, kwa hiyo afadhali niieleze aibu hii mwenyewe, tena niieleze kwa hasira, maana sasa nimepita arobaini na hasira yenyewe haijapoa.

Nilitoka Voi nikiwa kijana wa miaka ishirini na saba, miaka michache baada ya uhuru, nimemaliza kidato cha nne na nimeshachoka na kila mahali nilipokaa zaidi ya mwaka. Nilikuwa nimeandikwa kazi kwenye gari la sinema, yale magari yaliyozunguka vijijini yakionyesha filamu kwenye shuka jeupe ili watu wanunue sabuni, na mzigo wangu ulikuwa masanduku mawili, moja la nguo na moja la kofia. Tulilala Machakos, tukalala Naivasha, tukakwama kwenye matope ya Molo siku mbili, tukateremka Kericho, tukapita Sotik na Keroka, na tulipokaribia Nyamira, katikati ya mashamba ya chai, ekseli ikavunjika. Dereva akasema anakwenda Kisii mjini kutafuta nyingine. (Bado namsubiri.) Baada ya wiki tatu za kula ndizi za watu nikaomba kazi ya ukarani kwenye kituo cha kununulia majani chai, nikapewa, na ndivyo nilivyokuwa mtu wa Nyamira.

Sasa hiyo kofia. Nilipokuwa shuleni niliona filamu moja ya Warumi katika jumba la sinema Mombasa, na jemadari wa mle alivaa kofia ya dhahabu yenye kishungi chekundu, na ilipomulikwa na jua nilisahau kupumua. Wenzangu walikwenda wakajigongea za kwao kwa mabati ya mapipa. Mimi niliwadharau. Niliona tangazo katika gazeti la mambo ya sinema, kwamba wenye filamu wametoa idhini zitengenezwe nakala halali za kofia ile ile, chache tu, kila moja na namba yake, nikaagiza, nikangoja miezi saba, ikaja kwa meli ikiwa na cheti chenye muhuri mwekundu: namba mia mbili na kumi na nne. Niliiweka kwenye sanduku, nikawa naitoa Jumapili kuipangusa, naitazama, naifunika. Kuivaa sikuthubutu.

Nyamira nikampenda Kerubo, binti wa Mzee Nyakundi, msichana wa kwaya, mwenye maneno machache na macho yanayocheka kabla ya mdomo. Nilituma wajumbe kwa baba yake, wakapokelewa vizuri, nikaambiwa baada ya Pasaka tutakaa tupange. Na tangu siku hiyo nikafunzwa chinsoni. Hiyo ni heshima ya Wakisii kati ya watu wasiopaswa kukaribiana, na hakuna walio mbali zaidi ya mtu na mama mkwe wake: humpi mkono, humpiti kwenye njia nyembamba, huli mbele yake. Mama Kerubo alikuwa akileta majani chai kituoni kwetu kila Jumatatu na Alhamisi, na mimi nikimwona anapanda kilima na kikapu chake nilikuwa natoka nje, naenda nyuma ya banda, mwenzangu anampimia. Wazee wakaliona hilo wakanisifu. "Huyu karani si mtu wa hapa," walisema, "lakini ana adabu." Nilifurahi mno. Sijawahi kusifiwa adabu mahali pengine popote.

Ikaja Ijumaa Kuu. Parokia ilikuwa na mchezo wa mateso kila mwaka, unachezwa uwanjani mbele ya kanisa, na vifaa vyote alitengeneza Momanyi, fundi wa mabati, mtu wa taa za koroboi na faneli za mafuta ya taa. Alikuwa na utaratibu wake: askari wote kumi walikwenda kwake mmoja mmoja, akawapima kichwa kwa kamba ya mgomba, akapiga fundo, akaitundika kamba kwenye msumari, na kofia ikatengenezwa kwa kufuata fundo hilo. Mimi nilichaguliwa kuwa akida, mkubwa wa askari, na nitasema kweli, nilichaguliwa kwa sababu ya kofia, si kwa sababu ya sauti.

"Njoo nikupime, Karani," Momanyi akaniambia siku ya kwanza ya mazoezi.

"Nipimwe ya nini? Mimi nina yangu. Ya kweli."

"Ya kweli namna gani? Kuna Mrumi aliivaa?"

"Ina idhini ya wenye filamu. Ina namba."

Akacheka, akapiga patasi yake kwenye bati. "Ng'ombe pia wana namba. Umeivaa hata siku moja?"

"Haivaliwi ovyo hii."

"Basi, Karani, hiyo ni picha ya kofia. Hizi zangu ni mbaya, lakini ni kofia."

Nilikasirika. Fundi wa koroboi! Nikamwambia mbele ya askari wake kumi kwamba yeye anaiga kitu asichokijua, ila mimi ninacho chenyewe. Alinitazama tu kichwani, akaendelea kutazama, hata nikadhani nina kitu kwenye nywele. (Na nywele nilikuwa nazo, msitu mzima, ndiyo ilikuwa mitindo ya siku zile.)

Siku yenyewe watu walijaa uwanja, Wakatoliki na hata Wasabato waliokuja kutazama kwa mbali. Mbele kabisa, kwenye mabenchi, walikaa akina mama wa chama cha kanisa, wote magauni meupe na vitambaa vyeupe, na Mama Kerubo katikati yao. Nikaona haitoshi watu waione kofia, ni lazima wajue ni nini, kwa hiyo nikampa katekista kile cheti akisome kabla ya mchezo kuanza. Akasoma maandishi makubwa, akaeleza kwa Ekegusii, watu wakasema "Iii!" kwa mshangao, nami nyuma ya pazia nikaivaa kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Haikuingia. Nikaisukuma. Ikaingia nusu. Nikainama nikasukuma kwa magoti yangu mwenyewe, msitu wa nywele ukalala, kofia ikafika kwenye nyusi ikakaa. Momanyi alikuwa amesimama pale ameshika mfuko wa gunia. "Karani," akasema, "ikikubana, niko hapa." Nikampita kama sikumsikia.

Na kwa nusu saa nilikuwa mtu mkubwa, hilo hakuna atakayeninyang'anya. Nilipopita, watoto walinyamaza. Kerubo aliniangalia kutoka kwenye kwaya, macho yake hayakucheka hata kidogo, yalishangaa. Halafu ikafika saa tisa, na kila mtu aliyewahi kuishi Nyamira mwezi wa nne anajua saa tisa kunatokea nini. Mvua.

Mchezo haukusimama, mvua hapo si kitu. Askari wa Momanyi mvua iliwagonga kwenye mabati, kong kong kong, wakaendelea na kazi yao. Mimi nikahisi kitu cha uvuguvugu kinashuka puani. Nikapangusa. Dhahabu! Kofia halali, yenye idhini na muhuri, ilikuwa inatoa rangi kama kitambaa cha bei rahisi! Kadiri nilivyopangusa ndivyo nilivyozidi kung'aa, uso, shingo, viganja vyote viwili, na ndani nako bitana ikaanza kunywa maji na kuvimba, gundi yake ikalainika ikashikana na nywele. Nilipaswa kuivua pale chini ya msalaba na kusema maneno ya akida. Nikavuta. Nikavuta tena. Badala ya kutoka ikazunguka, kibati cha shavuni kikaja mbele ya macho, nikawa sioni kitu.

"Imemshika!" mtu akapiga kelele. "Imemshika kichwa!"

Watu wakanizunguka. Huyu anavuta kishungi (kikabaki mkononi mwake), yule ananishika masikio, mwingine anasema nipakwe mafuta. Kisha nikasikia sauti ya mama mmoja, wazi kabisa: "Mwiteni omobari! Si amekaa pale?"

Niwaambie omobari ni nani. Ni mganga wa vichwa. Huko Kisii mtu akipigwa rungu na maumivu yasiishe, humwendea mzee huyo, naye hufungua ngozi ya kichwa akaukwangua mfupa kwa vifaa vyake, na mgonjwa baadaye hurudi shambani kulima. Ni watu wanaoheshimiwa, na kazi yao wanaijua, lakini mimi wakati huo sikuwa mtu wa kuheshimu kazi. Nilisikia njia inafunguliwa, nikahisi vidole vikavu vya mzee vinatembea polepole juu ya kofia yangu, vinabonyeza hapa, vinabonyeza pale, na sauti ya upole ikaniuliza, "Ni wapi?"

Nikakimbia. Kipofu, mvuani, nikakimbia. Nikaangusha msalaba, nikamkanyaga mwizi wa kushoto, nikajikwaa kwenye kamba ya jukwaa, na nilipohisi naanguka nikashika kitu cha kwanza nilichokigusa, nikakikumbatia kwa nguvu zangu zote. Kilikuwa laini, kikapiga ukelele, tukaanguka pamoja kwenye matope. Halafu uwanja mzima ukanyamaza. Nimewahi kusikia ukimya wa jangwani na wa hospitali, lakini ukimya kama ule sijausikia tena. Nilijua hata kabla ya kuambiwa.

"Mwinueni Mama Kerubo," katekista akasema kwa sauti ndogo.

Wakamwinua. Mimi niliona kupitia upenyo wa kibati, na ningepewa kuchagua nisingeona: kwenye gauni lile jeupe, mabegani, viganja viwili vya dhahabu, vidole vyote kumi, safi kama vimepigwa chapa. Akajifunika kitenge cha mwenzake, akaondoka bila kugeuka. Wanawake wakamfuata.

Omobari alifika taratibu na mkongojo wake. "Kijana," akasema, "mimi nafungua mfupa. Bati si kazi yangu. Nilitaka kusema aitwe fundi."

Basi nilikimbia bure! Fundi akaja, akanikalisha kwenye benchi, akatoa mkasi wa kukatia bati. Mzee Nyakundi alikuwa amesimama mbele yangu, mikono nyuma, Kerubo pembeni yake, na hapo bado kulikuwa na nafasi. Naamini hivyo mpaka leo. Ningeomba radhi, ningesema neno lolote la kiungwana. Momanyi akauliza, "Nikate?" Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema:

"Usikate! Ina namba!"

Mtu mmoja akacheka, wakacheka wawili, uwanja wote ukalipuka. Hata Kerubo alicheka, ameziba mdomo kwa kitambaa. Mzee Nyakundi peke yake hakucheka.

"Mke wangu yuko nyumbani amejifungia," akasema, "na wewe unalilia kofia. Binti yangu nikikupa utamweka wapi, Karani? Kwenye sanduku, na karatasi yake?"

Mkasi ukafanya kazi. Wakati huo katekista, ambaye bado alikuwa na kile cheti kilicholoa, akakisogeza karibu na miwani, akasema, "Lakini hapa chini kabisa kuna maandishi madogo." Akayasoma kwa Kiingereza, kisha akatafsiri kwa sauti ya mimbari ili wote wafaidike: kifaa hiki ni cha kutazamwa tu, kisivaliwe.

Sasa mimi nauliza. Mtu anatengeneza kofia, anaita kofia, anaweka na mahali pa masikio, halafu anaandika kwa herufi ndogo kama mayai ya siafu kwamba isivaliwe! Ni wizi ule. Niliwaandikia barua tatu, hawakujibu hata moja.

Jumatatu Mama Kerubo hakuleta majani yake. Alhamisi hakuleta. Wiki iliyofuata niliona kikapu chake kimebebwa na jirani, na nikajua kwamba maadamu mimi niko pale kwenye mizani yule mama hatapanda kile kilima, majani yake yataozea shambani au yatabebwa na watu. Nilikuwa nimejifunza kujificha nyuma ya banda ili yeye apite, na sasa banda lilikuwa halitoshi. Nikaandika barua ya kuacha kazi.

Kerubo nilimwona mara moja tu, kisimani. "Sikukucheka wewe," akaniambia. "Nilicheka kofia." Nikamwuliza kama baba yake anaweza kubadili neno. Akatikisa kichwa, akajitwika mtungi wake.

Asubuhi niliyoondoka nilipita kwa Momanyi, kwa sababu lori la ndizi la kwenda Kisii lilikuwa linapakia karibu na kibanda chake. Nusu ya kofia yangu ilikuwa pale nje, imelazwa chali, kuku wanakunywa maji. Namba mia mbili na kumi na nne! Nikafungua mdomo nimtukane, akaniwahi. Akaingia ndani akatoka na ule mfuko wa gunia, akatoa kofia ya bati, mbaya, yenye alama za nyundo, kishungi cha katani. Akanivika. Ikaingia taratibu, ikakaa, haikubana, haikucheza.

"Hukunipima," nikasema.

"Nilipima ile kofia yako ya mvua uliyosahau kituoni. Nilijua yako itakushika. Hii nilikuwa nayo nyuma ya pazia siku ile, Karani. Hukuuliza."

Jamani, hasira kama ile mtu aipeleke wapi? Nilitaka kumpiga na nilitaka kumshukuru, na dereva alikuwa anapiga honi. Nikapanda juu ya ndizi na kofia yangu magotini, na sijarudi Nyamira tena. Nimehama nayo miji yote niliyokaa, haina cheti wala namba, mvua imeinyeshea mara nyingi. Na niliapa juu ya lori lile, na kiapo nimekishika: hakiingii kichwani mwangu kitu ambacho aliyekitengeneza hajawahi kukiona kichwa changu.